Malezi ya Nyumbani: Juu ya Watoto Wanaonenepa Kupita Kiasi



Mwezi uliopita ukurasa huu ulisema juu ya mtoto aliyedumaa, na barua zilizotufikia baadaye hazikuwa haba. Moja katika hizo haikutuacha. Imetoka kwa mama mmoja wa upande wa Ihangiro, aliyebatizwa Pasaka ya mwaka juzi pamoja na mumewe, naye auliza hivi: "Mwalimu, mmetuonya juu ya mtoto asiyekua. Je, huyu wangu akuaye kwa upana? Ana miaka minane. Majirani hunisifu, lakini akipanda mlima hupumua kama mzee. Nishukuru au niogope?"

Mama, barua yako imetukuta na deni. Yuko mtoto mmoja ambaye sisi tuandikao tulimkosea katika jambo hili hili, na tangu hapo tulikuwa twatafuta njia ya kulisema. Basi tutakujibu kwa kueleza habari zake, kwa ruhusa ya bibi yake, bila kutaja jina wala kigango.

Alikuwa mvulana wa miaka 11 katika darasa letu la Komunyo ya Kwanza. Baba yake yuko kazini Mwanza, na mtoto hukaa kwa bibi kizee aliyemlea hata huyo baba. Alikuwa mwepesi wa akili kuliko wenzake wote. Twauliza swali la katekisimu, yeye amekwisha kujibu. Nasi tulikuwa na desturi: ajibuye vema hupewa pipi, na ajibuye maswali yote ya juma hupewa soda. Hesabuni wenyewe ni nani aliyekunywa soda zetu. Tena tulizoea kumsimamisha mbele ya darasa na kusema, "Tazameni mwili wa mtoto aleleweye vizuri," tukacheka, naye akacheka. Huko nje wenzake walicheka kwa namna nyingine, wakampa jina ambalo hatutaliandika hapa.

Siku ya maandamano ya Ekaristi aliwekwa pamoja na watoto wa kumwaga maua. Njia ya kupandia kanisani kwetu ni kali, na jua lilikuwa limepanda. Katikati ya mlima aliketi kando ya njia, mkono kifuani, na kikapu chake kikachukuliwa na mwingine. Jumamosi iliyofuata hakuja darasani, wala ya pili yake. Tulipokwenda kumtafuta tulimkuta nyuma ya nyumba kibanjani, amekaa chini ya migomba. Alisema hataki kuonekana tena na watu.

Tulimpeleka zahanati pamoja na bibi yake. Muuguzi alimpima uzito, akampima urefu, akalinganisha hayo mawili na umri wake. Akampima presha mara tatu, kwa kuwa hakuyaamini macho yake mara ya kwanza. Akauliza, "Usiku hukoroma?" Bibi akajibu kwa furaha, "Hukoroma kama mtu mzima!" Ndipo muuguzi akaweka kalamu chini. Presha ilikuwa juu kuliko iwapasavyo watoto. Sukari ya damu, Mungu ashukuriwe, ilikuwa bado salama. Akatuambia kwamba uzito huu si wa kusifiwa, nao ukiachwa utamwandalia kisukari, maradhi ya moyo, ini lililojaa mafuta, na magoti yenye maumivu kabla ya wakati wake.

Njiani bibi hakusema neno. Tulipofika kwake akatuwekea kiti, akatuletea kahawa, akaketi mkekani. Kisha akasema: "Waitu, Mwalimu, mwaniambia nimkondeshe mtoto. Mimi nimezika wanne. Wote walianza kwa kukonda. Huyu akikonda, watu watasema nini? Na mimi mwenyewe nitalalaje?"

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulimaliza kahawa tukaaga.

Wasomaji wapenzi, neno la bibi yule latupasa kulitazama kwanza, kabla ya kusema habari za sukari na mafuta. Wako watu wa mijini wanaotuletea mafundisho ya afya kana kwamba sisi twawanenepesha watoto kwa ujinga tu. Hasha. Sisi watu wa Bukoba na Muleba tuna sababu zetu za kuupenda unene, na asiyezijua sababu hizo atahubiri mpaka sauti imkauke.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa hapa mkoani Kagera. Watu wetu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuja kwa magendo kutoka Uganda. Nao Waganda waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Jina hilo lilitosha. Tangu siku zile mtu aliyepungua mwili alitazamwa kwa jicho la huzuni, na aliyenenepa alisifiwa kuwa ameponyoka. Nyumba ngapi zilibaki na kizee mmoja na wajukuu? Dawa za kuvifubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini, mwaka 2004, wengi walikwisha kulazwa chini ya migomba yao. Leo mtu mwenye virusi hivyo akitumia dawa zake huishi maisha marefu, lakini hofu haina habari na dawa. Bibi alipokuwa akimwongezea kitukuu chake chapati ya tatu, alikuwa akipigana na adui wa mwaka 1995.

Sababu nyingine ni ya kale zaidi. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipopita Karagwe, kwa jirani zetu wa magharibi, alikaribishwa na mfalme Rumanyika. Akaona jambo ambalo aliliandika baadaye katika kitabu chake: wanawake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa tangu ujana wao mpaka wengine hawakuweza kusimama wenyewe. Mmoja wao alimpima kwa kamba ya vipimo, na mzingo wa mkono wake ukapata kama sentimeta 58. Binti wa mwanamke huyo, wa miaka 16, alikuwa amekaa karibu na chombo cha maziwa, na baba yake amemsimamia na fimbo mkononi ili asiache kunywa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba kulisha kupita kiasi kumeletwa na wageni. Kulikuwako, lakini kwa nyumba ya mfalme tu. Watoto wa watu wengine walichunga ng'ombe hao na kukimbia siku nzima, na maziwa waliyapata kwa kipimo.

Fimbo ile imeondoka, ila kijiko kimebaki. Tumeona mama amemlaza mtoto mapajani, amembana pua, amimina uji kinywani huku mtoto analia. Hufanya hivyo kwa upendo. Lakini Mungu amemwekea mtoto mchanga kipimo chake tumboni: akishiba hugeuza uso. Akilazimishwa mwezi baada ya mwezi kupita pale, kipimo hicho chaweza kuharibika, naye akikua hajui tena lini ameshiba.

Ya tatu ni njaa yenyewe, ile iliyojificha. Mwezi uliopita tulitaja hesabu ya taifa ya mwaka 2022, kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, na mkoa wetu ulikuwa juu ya wastani huo. Waliozidi uzito walikuwa kama 4 tu katika 100. Msomaji mwenye akili atauliza, "Mbona basi mwatuletea habari za hao wanne?" Swali jema. Twajibu kwamba hao wanne na wale 30 si watoto wa nchi mbili. Mara nyingi hukaa nyumba moja, na pengine huwa mwili mmoja. Mtoto aliyekosa samaki, maharage, mayai na maziwa katika miaka miwili ya kwanza hubaki mfupi. Kisha fedha ikipatikana akajazwa maandazi na soda, mwili ule mfupi hauna pa kuyaweka ila kiunoni. Muuguzi alipompima mvulana wetu aliona hivyo hivyo. Alikuwa mnene kwa uzito wake, na kwa urefu wake alikuwa nyuma ya umri. Alidumaa na kunenepa pamoja. Sisi tulimwita mtoto aleleweye vizuri.

Na ulimwenguni je? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa 8 katika 100. Mwaka 2022 walikuwa 20. Mwaka 2025 UNICEF ikatangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, duniani wenye unene uliokithiri katika umri huo wamekuwa wengi kuliko waliopungukiwa na uzito. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara bado haijafika huko, wala Asia ya Kusini. Kwa hiyo mvua hii twaiona ikija ng'ambo ya ziwa, na sisi tungali na nafasi ya kuanua.

Sasa tuseme juu ya sababu zilizo mezani, maana hizo ndizo mama wa Ihangiro anazozitaka.

Tulikaa na bibi yule siku nyingine, tukamwomba atuhesabie chakula cha mtoto tangu alfajiri hata usiku. Hakutuficha kitu. Asubuhi chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi mawili. Kisha pesa ya shule, iliyotumwa na baba kwa simu, na mtoto huinunulia chipsi na soda langoni. Akirudi, biskuti na maji ya rangi ya kwenye mfuko. Jioni ndizi na maharage, kama watu wote. Kabla ya kulala, chai tena na chapati. Bibi alipomaliza kuhesabu alisema, "Basi nitampunguzia ndizi."

Hapana! Hapa twataka kusema kwa sauti, kwa kuwa kosa hili tumelisikia hata kwa watu waliosoma. Katika orodha ile yote, ndizi ndicho chakula kisicho na hatia. Ndizi zilizopikwa kwa maharage, zikawekwa mboga za majani na dagaa au kipande cha samaki, ni chakula ambacho babu zetu walikipandia mlima. Hujaza tumbo polepole na kumfanya mtu atosheke. Ndizi hizo hizo zikizamishwa katika mafuta na kuuzwa kwenye karatasi, hilo ni jambo jingine. Wala tusisahau kwamba tangu mnyauko wa migomba ulipoingia wilayani Muleba, karibu na mwaka 2006, vibanja vingi vilikatwa na kuteketea, na nyumba ambazo hazikuwahi kununua chakula zikaanza kula vya dukani. Aliyezoea duka haliachi upesi, hata kibanja kikipona.

Soda moja ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vya chai karibu tisa. Jaribuni nyumbani: pimeni vijiko tisa katika kikombe mbele ya watoto wenu, watazame. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na ni heri isipite nusu ya hiyo. Kwa mtoto wa umri ule nusu hiyo ni vijiko vitano au sita. Mvulana wetu alikuwa amekwisha kuipita kabla ya kengele ya mchana, na siku ya Jumamosi tulimwongezea sisi.

Tena kinywaji kitamu hakishibishi. Mtoto akila andazi, tumbo lina habari. Akinywa sukari ile ile, tumbo halijui, naye hula vilevile kama hakunywa kitu. Hata maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka, ambayo sisi twayaona matakatifu kwa kuwa ni ya kwetu, ni sukari. Kikombe kidogo siku ya kukamua hakina neno, ila mtungi wa kila siku una neno. (Kuna aliyetuuliza kama senene nao wananenepesha. Senene huja kwa majira yao, wakaisha. Acheni watoto wale senene.)

Sababu nyingine ziko miguuni. Zamani si zamani sana, shule ilikuwa mwendo wa saa nzima, na kurudi saa nzima, na maji mtoni, na kuni, na mbuzi. Hatusemi tuwarudishie watoto taabu zile, maana wengine ziliwakatiza masomo. Lakini tazameni leo: bodaboda moja imebeba watoto watatu kwenda shule iliyo nyuma ya kilima. Wa shule za mchepuo wa Kiingereza huchukuliwa langoni na gari kabla ya jua kuchomoza, usingizi umekatwa. Na usingizi mfupi nao huongeza njaa ya siku inayofuata. Jioni wanakalishwa mbele ya televisheni ili wasiende njiani. Bibi yule aliogopa magari ya barabara kuu, na kwa hofu hiyo hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo mtoto alikwenda kwa bodaboda, akarudi kwa bodaboda, akaketi na simu ya baba yake mpaka usiku. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji saa moja kila siku ya mchezo au kazi ya kuwafanya watweke. Yeye hakuwa na hata dakika kumi.

Ni haki tuseme pia kwamba si kila mtoto mnene amelishwa vibaya. Wako waliorithi mwili wa namna hiyo kwa wazazi, wako waliozaliwa na mama mwenye kisukari cha mimba, na wachache wana ugonjwa au wanatumia dawa inayoongeza uzito. Ndiyo sababu twasema mganga au muuguzi aone kwanza. Jirani haoni kwa macho yaliyo ndani.

Hapa yatupasa kutaja jambo la darasani kwetu. Katika katekisimu twafundisha vilema vikuu, na ulafi ni kimoja. Tumesikia kwamba mkatekista mmoja alimwonyesha mtoto mnene kwa kidole alipofika neno hilo. Ndugu katika kazi, acheni. Mtoto hana mfuko wa fedha. Hanunui mafuta, hapangi kiasi cha sukari chunguni, hajui kilichomo katika chupa. Tena wako akina baba, hasa sisi tulioipokea imani kwa bidii mpya, waliotaka kumfungisha mtoto Kwaresima nzima ili apungue. Sheria ya Kanisa haimfungishi mtu kabla ya miaka 18, wala haimkatazi nyama kabla ya kutimiza 14. Kanisa lililo mama limewaachia watoto chakula chao. Sisi tusiwe wakali kuliko mama.

Muuguzi naye alisema vivyo hivyo kwa njia yake. Tulimrudia pamoja na bibi, tukamweleza hofu ya nyumba ile, habari za wale wanne na yote. Alikuwa binti mdogo, lakini alisogeza kiti chake karibu na kizee, akamwambia: "Bibi, hatumkondeshi. Mtoto huyu bado anakua. Sisi twauzuia uzito usipande, kisha twaungoja urefu uje uukute. Hutamwona akipungua. Utamwona akirefuka." Bibi akamtazama sana. "Akirefuka?" akauliza. "Akirefuka," akajibu muuguzi. Neno moja hilo lilifanya kazi ambayo sisi na mahubiri yetu hatukuiweza.

Tukapatana. Chai ibaki, vijiko vishuke kutoka vinne hadi viwili, kisha kimoja, kwa muda wa miezi mitatu, ulimi usishtuke. Asubuhi apewe yai na kiazi au ndizi iliyochemshwa badala ya andazi. Pesa ya langoni baba aliombwa aiache; hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana baba aliye mbali hupenda kwa pesa, hana njia nyingine. Tulimpigia simu. Alinyamaza kwanza, kisha akasema atamnunulia mpira. Alimnunulia. Maji ya kunywa yachemshwe na kuwekwa mtungini mahali ambapo mtoto ayafikia mwenyewe. Soda ni ya Noeli, Pasaka na arusi. Chakula cha jioni kiliwe na watu wote pamoja mkekani, mtoto asipakuliwe peke yake kwenye sahani ya mgeni. Na akisema ameshiba, asiulizwe mara ya pili. Matunda ya kibanjani, papai, parachichi, nanasi, yaliwe yakiwa mazima na si kukamuliwa. Shuleni aende kwa miguu pamoja na watoto wawili wa jirani, kwa njia ya kibanjani isiyogusa barabara kuu. Simu ilale chumbani kwa bibi.

Sisi nasi tulifanya toba yetu. Pipi na soda zimekoma darasani. Ajibuye vema sasa hupewa penseli, na ajibuye juma zima huruhusiwa kupiga kengele ya kanisa Jumapili, jambo ambalo, kwa kweli, watoto wanalipigania kuliko soda. Tuliomba pia wazazi wa kigango wafikiri juu ya karamu za ubatizo. Nyumba maskini hukopa ili kununua kreti za soda, wasije wakaambiwa hawakufurahi. Hilo halijakubaliwa sana. Tutalirudia.

Kwako wewe, mama wa Ihangiro, twasema: nenda zahanati iliyo karibu nawe, umpime mtoto uzito na urefu pamoja, kwa kuwa uzito peke yake hausemi kitu. Kama una mdogo chini ya miaka mitano, itazame kadi yake ya kliniki. Wengi huogopa mstari ukishuka na hawaangalii ukipanda kupita kiasi. Mwambie muuguzi kama mtoto anakoroma, kama magoti yanamwuma, kama shingo imekuwa nyeusi na nene kwa nyuma, na hasa kama ana kiu nyingi na anakojoa mara nyingi, maana hilo la mwisho haliwezi kungoja hata kesho. Usimpike chakula chake peke yake. Badilisheni chungu cha nyumba nzima, baba naye akiwamo. Na yule uliyemtaja mwishoni mwa barua, mwenye miezi minne, mpe maziwa yako tu mpaka atimize miezi sita, kisha uendelee kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine hata miaka miwili na kupita. Uji wake usiutie sukari, hautamani mpaka umfundishe. Majirani wakikuuliza kwa nini mtoto hanenepi kama zamani, waambie anarefuka.

Mvulana wetu sasa ana mwaka na miezi mitatu tangu siku ile. Uzito wake umepanda kidogo tu, na urefu umepanda zaidi. Presha imeshuka. Hakoromi sana. Bado ni mnene kuliko wenzake, na huenda atakuwa hivyo. Majirani walisema kama bibi alivyotabiri. Mmoja alikuja jioni kumwuliza polepole kama mtoto amepimwa. Bibi alimleta mtoto mlangoni, akamsimamisha kwenye mwimo ambapo amechora alama kwa mkaa kila mwezi, akamwonyesha jirani alama zile moja moja.

Mwaka huu katika maandamano alibeba kikapu chake mpaka juu. Alisimama mara mbili. Baada ya Misa tulimwona bibi akitoa kitu katika pindo la kanga yake, kimefungwa kwa jani la mgomba, akamtia mtoto mkononi akiangalia huku na huku. Lilikuwa andazi, moja, dogo. Tuligeuka upande wa pili, tukaendelea kukunja vitambaa vya altare.